Pete ya Fokasi

Kutengeneza lenzi inayoona kwa upana na bado ikapitisha mwanga mwingi ni kazi ngumu. Kamera yenye kioo kinachonyanyuka kila picha inapopigwa hudai nafasi nyuma ya lenzi, ilhali lenzi pana hutaka kukaa karibu kabisa na filamu. Mwaka 1950 Mfaransa Pierre Angénieux aliuza lenzi ya milimita 35 iliyotatua tatizo hilo: vioo vya mbele huutawanya mwanga kwanza, vya nyuma ndivyo huukusanya. Uwazi wake uliishia f/2.5.

Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Nikon wakatoa Nikkor ya milimita 35 yenye f/1.4, inayopitisha mwanga zaidi ya mara tatu ya ule wa lenzi ya Angénieux. Ina vipande tisa vya kioo, vilivyopakwa tabaka juu ya tabaka za utando mwembamba mno ili mwanga usirudi nyuma na kuichafua picha. Tena unapolenga kitu cha karibu, vioo havisogei vyote kwa mwendo mmoja. Vingine huachana kidogo ili ukali wa picha usipotee.

Yote hayo yamefichika ndani. Mkononi unabaki na pete ya fokasi, na hiyo ndiyo naipenda kuliko vyote. Ni nzito kiasi, haikwami, na husimama palepale ulipoiachia. Namba za umbali zimechongwa kwenye chuma, kisha michongo ikajazwa rangi.

Mpige picha fundi cherehani jioni, chini ya taa moja, anapotunga uzi. Fungua lenzi yote, sogea hadi karibu nusu mita, uzungushe pete taratibu. Kope zinakuja, zinapita, vidole vinakuja, halafu tundu la sindano. Nyuma yake vitambaa vinayeyuka, lakini chumba chote bado kimo, na unajua ni cha nani. Ni kweli kwamba kwa f/1.4 picha huwa laini, na taa za pembeni huota mabawa. Ukiifunga hadi f/4 inakata kama wembe. Mimi huiacha wazi.

Anayetafuta iliyotumika, hasa huku pwani kwenye unyevu, aimulike kwa tochi kutafuta ukungu, kisha aizungushe pete mwanzo hadi mwisho. Ikiwa ngumu, grisi imekauka tu: fundi mzuri ataifungua, ataisafisha na kuipaka nyingine, maana ndani hamna mota wala saketi ya kuungua.