Disco Elysium, Linux na Usiku wa Yaeda Chini

Mwanamume anaamka sakafuni, hajui jina lake. Tai yake inazunguka kwenye feni ya dari. Ukimwambia awashe taa, na kama ulimtengeneza akiwa na mwili dhaifu, ule mwanga peke yake unaweza kumuua. Hujatoka chumbani, hujaongea na mtu, hadithi imekwisha. Mimi nilimuua hivyohivyo mara ya kwanza, Yaeda Chini, betri ikiwa imebaki asilimia 31.

Najua wapo watakaouliza gemu inatafuta nini miongoni mwa riwaya na diwani. Basi niseme mapema: Disco Elysium, iliyotoka Oktoba 2019, ni maandishi kwanza, picha baadaye. Ina maneno zaidi ya milioni moja. Hakuna upanga wala bunduki ya kufyatua kila dakika. Unasoma, unachagua la kusema, unarusha dadu mbili, unasoma tena. Aliyeiongoza ni Robert Kurvitz wa Estonia, ambaye kabla ya hapo, mwaka 2013, alikuwa ametoa riwaya yenye ulimwengu huohuo. Kwa hiyo gemu hii ni mtoto wa riwaya, na damu inaonekana.

Nilikuwa bondeni kwa muhula mmoja, nafundisha kwa kujitolea. Kwa wasiopajua: unatoka Mbulu kwenye baridi, unashuka ukingo wa bonde, na joto linakupokea kama mtu uliyemkosea. Huko chini wapo Wahadzabe, Wadatoga, Wairaqw na wengine, na mbuyu mkubwa kuliko nyumba za walimu. Umeme wangu ulikuwa wa sola. Mtandao ulikuwa wa kupanda kichuguu na kuinua simu.

Laptopu yangu ni ya mtumba, ya Kariakoo. Ilikuja na Windows 10, ambayo Microsoft waliacha kuihudumia Oktoba 2025, na Windows 11 haiitaki kwa sababu inadai kifaa cha usalama ambacho mashine yangu haina. Haijavunjika, haijaungua, kioo kizima, ila imeambiwa imezeeka. Nadhani nusu ya laptopu za walimu ninaowajua ziko hali hiyo. Nikaweka Linux. Sikuwa na itikadi yoyote, nilikuwa na laki mbili mfukoni na hakuna laptopu mpya ya laki mbili.

Sasa, Disco Elysium haijawahi kuandikwa kwa ajili ya Linux. Ipo ya Windows, ipo ya Mac, zipo za mashine za gemu za sebuleni. Sisi hatumo. Hata hivyo nimeicheza mwanzo mwisho, na sababu ni kitu kiitwacho Proton, ambacho wapenzi wa fasihi watakielewa haraka kuliko mafundi, maana ni mkalimani. Gemu ya Windows inapotoa amri ya kuchora kivuli au mvua, inaitoa kwa lugha ya Windows. Proton anasikiliza, anaigeuza papo hapo iwe lugha ambayo Linux inaijua, na jibu linarudi kwa njia ileile. Msingi wake ni mradi wa Wine, ulioanza mwaka 1993 kwa nguvu za watu wengi wa kujitolea. Mwaka 2018 Valve, wenye duka la Steam, waliuchukua msingi huo wakaujengea Proton na kuutia ndani ya duka lao. Miaka minne baadaye wakatoa mashine yao ya mkononi, Steam Deck, inayotumia Linux.

Valve hawakufanya hivyo kwa huruma. Mwaka 2012 Microsoft walileta Windows 8 yenye duka ndani yake, na mkuu wa Valve, Gabe Newell, akaiita janga. Muuza duka aliona mwenye nyumba anafungua duka sebuleni, akaanza kutafuta kiwanja chake. Sisi wa mashine za mtumba tulinufaika na ugomvi wa mafahali, mara moja nyasi zikapona.

Turudi kwenye maandishi, maana ndiyo yaliyonikesha.

Mpelelezi wetu amekuja mtaa wa Martinaise kuchunguza mtu aliyenyongwa mtini nyuma ya hoteli. Maiti iko pale siku ya saba. Watoto wanaitupia mawe. Wafanyakazi wa bandari wamegoma, kampuni imeleta watu wake wenye silaha, na kuta bado zina matundu ya risasi za mapinduzi yaliyoshindwa miongo mingi nyuma. Lakini mpelelezi mwenyewe ndiye kisa kikubwa zaidi. Akili yake imegawanyika sauti ishirini na nne, na kila moja inazungumza. Kuna inayojua takwimu zisizo na faida. Kuna inayodai pombe. Kuna moja, Shivers, inayosikia upepo wa mji na kuleta habari za watu walio mbali, na kila ilipofungua kinywa niliacha kubofya nikasoma polepole.

Katika ngano zetu msafiri hushauriwa na moyo wake, na sisi hatushangai. Aliyesoma Nagona ya Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1990, akamfuata yule msimulizi kwenye nchi isiyo na uhakika, hatapotea Martinaise. Tofauti ni kwamba Kezilahabi anakuacha peke yako, wakati Kurvitz na wenzake wanakupa mwenzi, Luteni Kim Kitsuragi, mwenye koti la rangi ya chungwa na daftari. Kim hasemi mengi. Unaweza kuvunja heshima yako mbele ya mtaa mzima, ukageuka kumtazama, na kimya chake kikakuumiza kuliko tusi. Sijui wahusika wengi wa riwaya za miaka hii walioandikwa kwa uangalifu huo.

Kasoro zipo. Siku ya tatu ya kisa inalegea, mazungumzo ya siasa yanazunguka kama mtu aliyesahau alichotumwa dukani, na baadhi ya dhihaka ni za waandishi kujifurahisha wenyewe. Wakati mwingine unasukumwa kurudi kulekule kwa sababu dadu zilikataa. Nilivumilia.

Jirani yangu, mwalimu wa sayansi mwenyeji wa Mbulu, alianza kuja jioni. Kiingereza chake ni cha vitabu vya sayansi, na hii Kiingereza ilimshinda, kama ilivyonishinda mimi mara kadhaa. Basi nikawa namsomea kwa Kiswahili, sentensi kwa sentensi, kwa sauti. Ile sauti ya pombe niliifanya ya mlevi wa pombe za kienyeji, na Kim nikampa Kiswahili cha ofisini. Usiku mmoja akasema, "Mwalimu, huyu Kim ungemfanya Mwiraqw. Sisi ndio tunanyamaza hivyo." Nikambadilisha. Akawa bora.

Hapo ndipo nilipoanza kuwaza kuhusu wachapishaji. Sasa kwa kuwa Proton anatafsiri kila kitu, wengi wao wameona hakuna haja ya kuandika kwa ajili ya Linux. Zamani kulikuwa na kampuni ya Loki, iliyoanzishwa 1998, kazi yake kuhamishia gemu za wengine kwenye Linux. Ikafungwa 2002 kwa kukosa fedha. Leo Loki wa nini, wakati mkalimani yupo bure? Ni hoja yenye akili na mimi naishi kwayo. Lakini mtu anayetegemea mkalimani hana mkataba na mwandishi. Rocket League ilikuwa na toleo lake la Linux. Januari 2020 wenyewe wakatangaza kuliacha. Apex Legends ilikuwa inachezeka kupitia Proton. Oktoba 2024 EA wakafunga mlango, wakisema Linux inatumiwa na wadanganyifu. Walioinunua ngozi za wahusika wao kwa fedha halali waliamka nje.

Kwa lugha ni hivyohivyo, na hapa nina uchungu wa muda mrefu. Civilization IV ya mwaka 2005 inafunguka kwa wimbo wa Kiswahili, "Baba Yetu" wa Christopher Tin, uliokuja kupata Grammy mwaka 2011, wa kwanza kutoka kwenye gemu. Dunia nzima imeimba. Gemu yenyewe huwezi kuicheza kwa Kiswahili. Tunafaa mlangoni, kwa kukaribisha wageni. Kinyume chake, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walipotaka programu ya ofisi kwa Kiswahili, hawakuomba ruhusa ya mtu: walichukua OpenOffice, ambayo maandishi yake ya ndani yako wazi, na mwaka 2004 wakatoa Jambo OpenOffice. Tafsiri yake ilikuwa na maneno magumu, tulicheka, lakini mlango ulifunguliwa kutoka ndani.

Siku moja nilitaka kumwonyesha mwalimu gemu nyingine niliyoinunua kwenye duka jingine la mtandaoni, ambalo silitaji. Ikagoma. Ikasema niingie mtandaoni kwanza kuthibitisha. Nikapanda kichuguu, bando likaisha kabla alama ya kuzunguka haijaacha kuzunguka. Mwalimu akauliza, bila kejeli kabisa, "Kwani hii uliinunua au uliazima?"

Sikuwa na jibu zuri. Jibu la kisheria ni kwamba nilinunua leseni. Mwaka 2024 jimbo la California lilipitisha sheria kwamba maduka ya namna hii yaseme wazi kuwa mnunuzi anapata leseni, na Steam wakaweka maneno hayo pale unapolipia. Akaunti yako huwezi kuiuza wala kumhamishia mwingine. Disco Elysium yangu niliinunua GOG, ambao huuza faili lisilo na kufuli. Nililipakua Haydom, nikalibeba kwenye diski, nikaliweka bondeni bila kumwomba mtu. Na programu ya GOG ya kupangia gemu zako, kwa miaka mingi imekuwa ya Windows na Mac tu! Watu waliotupa uhuru wa kubeba hawakutupa begi. Nilitumia Lutris, begi lililoshonwa na wapitanjia.

Wahadzabe wana mchezo wao, lukuchuko. Wanaume hurusha vipande vya magome kwenye shina la mti, kipande kimoja kikiwa kikuu, kisha hutazama cha nani kimelala upande uleule na kile. Wanachezea mishale ya chuma, sumu ya mishale, visu, shanga, nguo. Mwanaanthropolojia James Woodburn, aliyeishi nao tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, aliandika mwaka 1982 kwamba mchezo huu huzungusha mali hata isimkalie mtu mmoja. Na kuna vitu ambavyo haviwekwi rehani: upinde, mishale isiyo na sumu, mfuko wa ngozi. Kile kinachokuwezesha kula kesho hakiingii mchezoni.

Sitaki kumfanya Mhadzabe mwalimu wa Valve. Ana shida zake za ardhi za kutosha, na hati ya kimila ya ardhi yao ya pamoja waliipata mwaka 2011 tu. Nasema tu kwamba nilikaa nikiwatazama, na kwenye laptopu yangu kulikuwa na gemu arobaini na moja ambazo hakuna hata moja ninayoweza kuipoteza kwa mtu mwingine. Zimenikalia. Nikifa zinakufa nami, kwenye akaunti yenye jina la utani nililolichagua nikiwa chuoni.

Muhula uliisha kabla kisa hakijaisha. Mwalimu alikuwa ameshakisia muuaji, na alikuwa amekosea, na sikumwambia. Alinipa flashi ya GB 32 usiku wa mwisho, akaiweka juu ya meza, hakusema kitu, kama Kim. Faili halina kufuli. Kunakili ni dakika ishirini. Masharti ya GOG yanasema ni la matumizi yangu binafsi, na wale waandishi, ambao wengi walishaachana na kampuni yao kwa ugomvi, wameshadhulumiwa vya kutosha. Subirini kwanza, nikajiambia.

Flashi iko hapa Arusha, mezani kwangu. Ikishuka bei tena nitamnunulia nakala yake, bei ni ya dola lakini huwa inashuka sana. Nitaipeleka mwenyewe. Shida ni kwamba laptopu yake bado ina ile Windows 10, na ameniomba nikija nije na Linux pia.