Pongezi kwa Ikhwani Safaa

Tangu kilipoasisiwa Unguja mwaka 1905, chama cha taarabu cha Ikhwani Safaa kimekuwa madrasa ya masikio kabla ya kuwa ya vidole. Kwani mafundi wake wa udi, kanuni na fidla hawakuona haya kuzisikiliza kwa makini nyimbo za Misri na kuzitwaa lahani zake, ila walizitilia mashairi ya Kiswahili yenye vina na mizani, na lugha yetu, kwa mkazo wake, ikailazimisha sauti ishike njia nyingine. Hapo, kwa rai yangu, ndipo ulipo ustadi wao, nao wastahiki shukrani zetu za dhati. Hata mapigo ya rumba, yalipokuja kusikika pwani, yalipata makazi katika taarabu ya Unguja.