Ganda, Ukosi na Kilango: Lugha ya Kueleza Yai la Neoperla

Maelezo ya yai la mdudu ni utanzu wa maandishi wenye kanuni zake, ijapokuwa wahakiki hawajauhesabu. Huanza na umbo, hufuata rangi na vipimo kwa mikromita, kisha ganda na michoro yake, ukosi, na mwishowe vitundu vipitishavyo mbegu za dume. Ukavu huo humchosha msomaji wa haraka, naye hukosa kuona kwamba neno moja lililowekwa ovyo laweza kuifuta spishi nzima.

Habari za Neoperla zathibitisha jambo hilo. Wadudu hao ni wa oda ya Plekoptera, na wachanga wao huishi chini ya mawe katika mito ya maji ya kasi, mito ya Kongo ikiwamo. Mwaka 1952 H. B. N. Hynes aliwakusanya wale wa Afrika kusini ya Sahara chini ya jina moja, Neoperla spio. Uamuzi huo haukukosa sababu, kwani wadudu wazima hufanana mno. Mapitio ya P. Zwick na A. Zwick ya mwaka 2023, yaliyotegemea maumbile pamoja na molekuli, yanaonyesha kuwa spishi ni nyingi. Katika jenasi hii yai ni shahidi mzuri: majike wawili wasiotofautika kwa mabawa huweza kubeba mayai tofauti, hili lenye mifereji kutoka ncha hadi ncha, lile lenye ganda laini au lenye vishimo.

Je, Kiswahili chaweza kuuandika ushahidi huo? Ugumu waanza kwenye jina. Kusema “nzi wa mawe” ni kosa, kwa kuwa nzi ana mabawa mawili na mdudu huyu ana manne. Wanafunzi waliosomea Kifaransa hulijua neno perle, lakini atakayeligeuza kuwa “lulu” atakuwa ametafsiri sauti tu. Plekoptera, yaani mabawa yaliyosukwa kwa Kigiriki, libaki lilivyo.

Sehemu za yai zina bahati zaidi. “Ganda” latosha kwa korioni ya mdudu. Mara nyingi juu yake huonekana vyumba vyenye pembe sita. Hizo ni alama za seli za mama zilizolitengeneza ganda ndani ya ovari, kama chungu kibichi kinavyobaki na alama za mkeka kilipoanikwa. Mwandishi akiviita vyumba hivyo “mapambo” ameficha asili yake. Tundu la mbegu ya dume lina jina la kitaalamu lililoundwa kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mlango mdogo. Kiswahili kina “kilango” tangu zamani, na hakuna haja ya kuunda neno jingine. “Ukosi” nao wafaa kwa ukingo ulioinuka kwenye ncha moja, ulivyo ukosi wa shati shingoni.

“Nanga” ndiyo yenye shida. Wataalamu wa Ulaya na Marekani waliichukua kutoka baharini wakaipachika kwenye sehemu inayolishika yai kwenye jiwe. Lakini nanga hushushwa ikapandishwa tena, na chombo huendelea kuyumba juu yake. Yai hili halipandishi kitu: utando wake wa kunata hugusa jiwe, ukashika, na mkondo ukapita. “Kishikizo” ni neno dogo zaidi, nalo ni la kweli zaidi.

Umbo nalo lahitaji uangalifu. Kusema yai lina “umbo la yai” ni kutosema kitu, hasa mbele ya yai linalofanana na pipa. Tena “mistari” si “mifereji”: mstari huchorwa juu ya uso, mfereji huchimbwa ndani yake. Picha ya hadubini ya elektroni huonyesha kina hicho vizuri sana, lakini haina rangi. Kahawia ya ganda hubaki mikononi mwa mwandishi.