Makumbusho ya Majimaji kwenye kamusi elezo: kila namba na mwenye nayo

Makala nyingi za kamusi elezo kuhusu maeneo ya kumbukumbu za vita zina kasoro moja: vita vimemeza mahali. Msomaji anafungua ukurasa akitaka kujua eneo liko wapi, lina nini, nani analitunza na lilianza kuhifadhiwa lini. Badala yake anapewa masimulizi marefu ya mapigano, halafu mstari mmoja mwishoni kwamba siku hizi pana makumbusho. Mwalimu wa historia aliyetaka kuandaa ziara ya wanafunzi anaondoka hajapata alichokitafuta.

Safu hii inachambua namna makala ya aina hiyo inavyorekebishwa. Mfano ni Makumbusho ya Taifa ya Majimaji, Songea, na rasimu niliyoiandaa nikiwa Bariadi kwa ajili ya Wikipedia ya Kiswahili. Eneo hilo lina mitego yote inayomsubiri mhariri: majina yanayofanana, hesabu za vifo zinazopishana, ushahidi uliobebwa na simulizi za wazee, na watu walio hai ambao babu zao wamezikwa palepale. Msimamo wangu ni kwamba makala kama hii haiboreki kwa kurefushwa. Inaboreka pale ambapo kila dai lililomo linajulikana limetoka kwa nani.

Msomaji wa Simiyu anaweza kuuliza Songea inatuhusu nini. Sisi tuko jirani na Serengeti, wao wako karibu na mpaka wa Msumbiji. Lakini vita vya Majimaji vilianzia kwenye zao tunalolijua vizuri. Mwezi Julai 1905 watu wa Nandete, kwenye vilima vya Matumbi, waling'oa miche ya pamba ambayo utawala wa Kijerumani uliwalazimisha kuilima. Leo mkoa wetu ndio unaoongoza nchini kwa pamba. Mkulima wa Itilima au Meatu hahitaji maelezo mengi kuelewa uchungu wa kulimishwa zao kwa kiboko na kuambulia ujira usiofika popote.

Kuweka mipaka ya mada

Kazi ya kwanza ni kutenganisha kurasa mbili: ya vita na ya mahali. Vita vya Majimaji, vya 1905 hadi 1907, vinastahili makala yao, yenye Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, maji ya dawa, kuenea kwa mapambano kusini mwa nchi, na njaa iliyofuata. Ukurasa wa makumbusho unahitaji aya mbili tu za usuli, kisha kiungo cha kumpeleka msomaji kwenye makala kuu.

Aya hizo mbili hazichaguliwi ovyo. Zinabeba yale tu yanayoeleza kwa nini eneo hilo liko Songea na si kwingine. Wangoni waliingia vitani, wakashindwa, na tarehe 27 Februari 1906 viongozi na wapiganaji wao wakanyongwa kwa pamoja. Miongoni mwa walionyongwa alikuwamo Nkosi (chifu mkuu) Mputa Gama. Nduna (chifu msaidizi) Songea Mbano naye aliuawa na Wajerumani, na jina lake ndilo linaloitwa mji mpaka leo. Kuuawa kwa askofu Cassian Spiss au shambulio la boma la Mahenge ni matukio makubwa ya vita, ila mahali pake ni makala ya vita.

Hapo hapo kwenye jina la Mahenge pana mtego wa kwanza. Mahenge yenye boma la Kijerumani, lililoshambuliwa mwishoni mwa Agosti 1905, iko Ulanga, mkoani Morogoro. Makumbusho yako katika eneo linaloitwa Mahenge ndani ya Manispaa ya Songea, mkoani Ruvuma. Mhariri asiyejua hilo ataunganisha kiungo cha makumbusho na mji wa Ulanga, na ramani itampeleka msomaji mkoa mwingine kabisa. Dawa yake ni kuandika mtaa, manispaa na mkoa katika sentensi ya kwanza, kisha kuweka majiranukta kwenye sanduku la habari. Mtego wa pili ni Makumbusho ya Kumbukumbu ya Rashidi Kawawa, ambayo nayo yako Songea na nayo yako chini ya Makumbusho ya Taifa. Sentensi moja ya kuyatofautisha inatosha.

Dibaji

Wasomaji wengi hawapiti dibaji, hasa wanaosoma kwa simu. Kwa hiyo dibaji ndiyo inayoandikwa kwa uangalifu kuliko sehemu nyingine zote. Chukua mfano wa sentensi ya namna inayoonekana mara nyingi kwenye kurasa za maeneo ya kihistoria: "Makumbusho haya ni kivutio kikubwa na cha kipekee kinachotunza historia tukufu ya mashujaa wetu." Ukiipekua hukuti mahali, hukuti mwaka, hukuti mwenye mali. Kinachobaki mkononi ni sifa, na sifa haziwezi kuthibitishwa.

Rasimu inasema hivi: "Makumbusho ya Taifa ya Majimaji ni makumbusho na eneo la makaburi lililopo Mahenge, Manispaa ya Songea, Mkoa wa Ruvuma. Yalifunguliwa mwaka 1980 mahali walipozikwa viongozi na wapiganaji wa Kingoni walionyongwa na utawala wa Kijerumani tarehe 27 Februari 1906. Baadaye yaliwekwa chini ya Makumbusho ya Taifa ya Tanzania." Sentensi tatu zimeeleza ni nini, ni wapi, tangu lini, kwa sababu gani na chini ya nani. Heshima kwa waliokufa haijapungua hata kidogo. Tarehe ya kunyongwa kwao, ikiwekwa wazi bila mapambo, ina uzito kuliko neno lolote la kusifu.

Baada ya dibaji muundo unajipanga wenyewe: usuli wa vita, kuanzishwa kwa eneo, vilivyomo kama kaburi la pamoja, sanamu za viongozi wa Wangoni na mkusanyo wa vifaa, kumbukizi ya kila Februari, na mjadala wa mabaki ya miili yaliyopelekwa Ujerumani. Tanbihi zinakaa mwisho.

Namba zinazopishana

Sehemu ngumu kuliko zote ni hesabu. Idadi ya walionyongwa hutajwa kuwa 67, na pengine 66. Mhariri mwenye haraka huchagua moja na kufuta nyingine, kisha mwenzake anakuja kuibadilisha, na ukurasa unageuka uwanja wa kuvutana. Njia inayofaa ni kutazama kila chanzo kilihesabu nini. Tofauti ya mmoja mara nyingi inamhusu Songea Mbano, anayekumbukwa kwa kaburi lake la peke yake. Wanaotaja 66 huwahesabu wenzake, kisha wanamtaja yeye. Makala inaeleza hivyo, inaweka tanbihi kwa kila hesabu, na mabishano yanakosa chakula.

Idadi ya waliokufa katika vita vyote inatofautiana zaidi. Takwimu za upande wa Wajerumani zilitaja watu wapatao 75,000. Mwanahistoria Gilbert Gwassa alikadiria kati ya 250,000 na 300,000, na wengi wao waliuawa na njaa baada ya majeshi kuchoma mashamba na maghala ya chakula. Kuandika "walikufa watu 300,000" bila mwenye kauli ni kosa, na kuandika "walikufa watu 75,000" bila mwenye kauli ni kosa kubwa zaidi, kwa kuwa hiyo ni hesabu ya upande uliochoma mashamba. Kupiga wastani nako hakufai, maana kunazaa namba ambayo hakuna mtafiti aliyeitoa. Kinachobaki ni kuziweka zote mbili, kila moja na mwenye nayo, na kusema ni nani aliyehesabiwa.

Kuchambua vyanzo

Mkulima wa Simiyu hupanga mavuno yake mafungu mawili, pamba safi na pamba fifi, na hayachanganyi kwenye gunia moja. Vyanzo vya makala hii navyo vinapangwa kabla ya kutumiwa. Kitabu cha gavana Gustav Adolf von Götzen kuhusu vita hivi, kilichotoka mwaka 1909, kinafaa kuonyesha utawala ulifikiri nini na uliamrisha nini. Hakifai kuwa shahidi wa pekee wa sababu zilizowafanya watu waingie vitani. Vitabu na makala za wanahistoria John Iliffe na Gwassa vinabeba uti wa mgongo wa sehemu ya historia. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, ya mwaka 1969, ni kazi kubwa ya fasihi, na mwandishi wake mwenyewe aliweka wazi kwamba mhusika wake ni wa kisanaa. Inatajwa panapozungumziwa nafasi ya vita katika sanaa. Haitumiki kuthibitisha tarehe wala maneno ya mtu.

Swali zito linabaki kwenye simulizi za wazee. Kamusi elezo haipokei utafiti mpya: huwezi kumhoji mzee leo na kesho ukaandika maneno yake kama chanzo, kwa sababu msomaji hana pa kuyakagua. Kanuni hiyo inaonekana kuwafungia mlango watu ambao historia yao haikuandikwa na wao wenyewe. Majimaji yenyewe yanaonyesha mlango unafunguliwa vipi. Mwishoni mwa miaka ya 1960 watafiti na wanafunzi wa chuo kikuu cha Dar es Salaam walikwenda vijijini, wakawasikiliza wazee waliokumbuka vita, na masimulizi hayo yakahifadhiwa, mengine yakachapishwa. Tangu hapo sauti ya mzee wa Matumbi au Ungoni inaweza kuwekewa tanbihi sawasawa na barua ya gavana. Kanuni ile haikubadilika. Simulizi ndizo zilizopata kitabu.

Matukio mapya na picha

Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alifika Songea, akakutana na wajukuu na vitukuu wa waliouawa, na akaomba radhi kwa yaliyotendwa na Wajerumani. Tukio hilo lazima liwemo, ila kwa kiasi. Ziara ya siku moja haiwezi kupewa nafasi kubwa kuliko miongo ambayo wazee wa Songea wamelilinda eneo hilo na kukusanyika kila Februari. Kuhusu kichwa cha Songea Mbano, ambacho ukoo unaamini kilipelekwa Ujerumani, makala inasema ukoo unadai nini na Rais yule aliahidi nini, na inaishia hapo. Hukumu haitolewi na mhariri.

Picha zina sheria zake. Picha uliyopiga wewe mwenyewe unaweza kuitoa kwa leseni huria kwenye Wikimedia Commons. Sanamu ni jambo jingine, kwa kuwa mchongaji ana hakimiliki yake hata kazi ikisimama mahali pa wazi, kwa hiyo ruhusa hutafutwa kwanza. Maandishi ya mabango ya makumbusho hayanakiliwi neno kwa neno. Husomwa, hueleweka, kisha huandikwa upya na kutajwa chanzo.

Yaliyobaki ni nidhamu ya kazi. Badiliko kubwa huandaliwa kwenye ukurasa wa mazoezi, huhifadhiwa kwa vipande, na kila kipande huachiwa muhtasari unaosema nini kimebadilishwa na kwa nini. Ukurasa wa historia huonyesha kila hatua, na jambo lenye utata hupelekwa kwenye ukurasa wa majadiliano kabla ya kuguswa. Tafsiri ya mashine haibandikwi ilivyo: hukosea majina ya koo na vyeo kama nkosi na nduna, na mwenye ukoo akiona jina la babu yake limeharibiwa hawezi kuuamini ukurasa mzima.

Somo kwa Simiyu

Wikipedia ya Kiswahili ilianza mwaka 2003, na sasa imevuka makala 80,000. Nyingi kati yake bado ni mbegu, zikiwamo za kata na vijiji ambazo hazizidi mistari michache. Mkoa wetu ulioanzishwa mwaka 2012 una Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu, na katika wilaya zote hizo kuna mambo yanayostahili kurasa zilizoshiba. Mbinu iliyotumika kwa Songea inatufaa hapa bila kubadilishwa: weka mipaka ya mada, thibitisha mahali, taja mwenye kila namba, chambua vyanzo kabla ya kuandika.

Lakini chanzo lazima kitangulie. Wazee waliopigana vita vya Kagera mwaka 1978 na 1979 bado tunao. Wenzao wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na makaburi yao yanatunzwa. Kumbukumbu za walio hai hazina mtunzaji wa namna hiyo. Walimu wa historia, waandishi wa habari wa mkoa na wanafunzi wa vyuo wanaoandika tasnifu, wahojini wazee hao sasa, kwa majina yao na kwa ridhaa yao, na mchapishe. Kamusi elezo haiwezi kuandika ambacho hakijaandikwa popote.