Ndoana Pembezoni mwa Mafunjo

Mto Sio hauingii Ziwa Victoria kwa kishindo. Ukishaziacha nyanda za Nambale na Matayos na kukaribia Sio Port, unapunguza mwendo, unatawanyika ndani ya mafunjo, unajigawa vijito ambavyo mgeni hawezi kujua kipi kina njia na kipi kinaishia kwenye tope. Sehemu kubwa ya maji hayo haimfiki mtu mzima kifuani. Humo ndimo anamofanyia kazi mvuvi wa ndoana, na kazi yake ndiyo ninayotaka kuisifu, kwa kuwa bado sijasikia ikisifiwa inavyostahili.

Uvuvi wa Busia una sifa nyingine zinazotangulia. Kuna omena na taa zao za usiku, kuna mashua za injini zinazotoka Port Victoria na Marenga kwenda kutega nyavu za mbuta mbali, hadi karibu na kisiwa cha Sumba ambako mpaka wa Uganda unapita majini. Ziwa lote lina kilomita za mraba 68,800 na sehemu ya Kenya ni asilimia 6 tu, kwa hiyo anayetaka samaki wengi hana budi kuukaribia mpaka, na wapo waliokamatwa huko na kurudi bila mashua. Mvuvi wa ndoana haendi huko. Ana mtumbwi mdogo wa mbao, upondo, kasia moja, mishipi michache iliyozungushwa kwenye vipande vya mti, na mkebe wa minyoo. Pale bichi wengi humhesabu kuwa mtu aliyeshindwa kununua nyavu. Wapo ambao ni kweli walishindwa. Lakini nimekaa mtumbwini na mzee mmoja wa Kisamia ambaye amewahi kuwa na nyavu, akaziuza, akarudi kwenye ndoana kwa hiari yake, na yeye ndiye aliyenifanya nianze kuangalia.

Samaki wake mkuu ni kamongo. Huyu ni samaki wa ajabu hata kwa aliyezoea kumla. Ana mapafu mawili, na akishakua hawezi kuishi kwa matamvua peke yake. Lazima apande juu kila baada ya muda, achukue hewa, ashuke tena. Maji yakikauka hujichimbia topeni na kulala humo hadi mvua irudi. Hukua hadi urefu wa mtu. Ng'ambo ya pili, kwa Waganda, ukoo mzima unabeba jina lake la Kiganda, ukoo wa Mmamba, na wenyewe hawamli. Kwa upande wetu hakuna mwiko mkubwa hivyo, na kipande chake kilichokaangwa vizuri kinamaliza ugali wa sinia nzima.

Kule kupumua ndiko kunakomsaliti. Mzee husimamisha mtumbwi penye ukingo wa mafunjo, huchomeka upondo topeni, hufunga kamba, kisha hukaa. Anayeketi naye kwa mara ya kwanza hudhani anapumzika. Anasikiliza. Kamongo anapotoa pua juu hutoa sauti fupi, kama mtu anayefyonza uji wa moto ukingoni mwa kikombe, na anaposhuka huacha mapovu machache yanayofuatana. Mapovu hayo yana mstari. La kwanza likipasuka hapa na la mwisho pale, tayari umeambiwa kichwa kimeelekea wapi.

"Mzee, umejuaje yuko hapo?" nilimuuliza.

"Amepumua, mwanangu. Ngoja, atapumua tena."

Akapumua tena, mahali pengine kidogo. Kwa mzee, pumzi ya kwanza ni habari tu; pumzi ya pili inampa njia. Akishaunganisha sehemu hizo mbili kwa macho, anaona kinjia ndani ya maji ambacho mimi sikukiona kabisa, kinachopita kati ya mashina mawili ya mafunjo na kutokea kwenye konokono. Kamongo hula konokono na kome, huwasaga kwa meno mapana yaliyoungana, na mzee anajua ni vichochoro gani vyenye konokono kwa sababu amevipapasa kwa mguu. Hatupi ndoana alipo samaki. Huitupa mbele, anakokwenda, huku akiliachia jiwe dogo la uzito lizame taratibu lisije likapiga tope.

Mshipi wenyewe unastahili kutazamwa kwa karibu. Naironi ya dukani ikiwa moja haidumu kwenye meno yale. Kwa hiyo sehemu ya mwisho, kiasi cha urefu wa mkono, anaifanya kwa nyuzi tatu alizozisokota juu ya paja kuwa moja, na kila baada ya samaki huipitisha kati ya kucha ya dole gumba na kidole cha shahada kutafuta mahali palipokwaruzwa. Akihisi ukwaruzo hata ambao jicho halioni, anakata na kufunga upya. Nimemwona akifunga fundo la ndoana mikono ikiwa imelowa, mtumbwi ukiyumba, akiongea mambo ya shamba, na bado akalilowesha fundo kwa mate kabla ya kulikaza ili joto la msuguano lisiuchome uzi. Mambo madogo namna hii hayaonekani ufukweni. Kinachoonekana ni samaki tu.

Ndoana hununuliwa Busia mjini, kwa namba. Namba ikipanda ndoana inapungua, na mzee hubishana na muuzaji kwa subira kubwa, akijaribu ncha moja moja kwenye ukucha. Ikiteleza, anairudisha. Ikikwama, anaiweka kando. Kati ya pakiti nzima huchukua anazozitaka na kulipa bei ya juu kidogo kwa ruhusa ya kuchagua.

Nje ya mafunjo mambo yanabadilika. Hapo ni nyumbani kwa mbuta. Samaki huyu si wa asili ya ziwa hili. Alipandikizwa miaka ya 1950, na kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa kila mahali na aina nyingi mno za fulu, samaki wadogo wa asili, zilikuwa zimetoweka. Ila ndani ya mafunjo hawezi kufuata. Maji ya humo yamesimama, majani yanaoza, oksijeni ni kidogo, na mbuta ni samaki mwenye kuhitaji hewa nyingi. Mtafiti Lauren Chapman na wenzake, waliochunguza kwa miaka mingi Ziwa Nabugabo huko Uganda, walionyesha kwamba vinamasi kama hivi viliwahifadhi samaki wadogo ambao pengine pote mbuta aliwamaliza. Kwenye kinamasi cha Yala, kusini ya hapa, Ziwa Kanyaboli bado lina ngege wa asili ambaye katika ziwa kubwa karibu hapatikani. Mzee hajasoma karatasi hizo. Lakini ukimtazama anavyotega utaona anaijua hoja yote: mishipi ya kamongo na kambare ndani, mshipi wa mbuta nje, na kati yake hatua chache tu za maji. Anajua ukuta kati ya maji hayo mawili ulipo siku hiyo, maana hauko mahali pamoja. Mvua ikileta maji mapya ya mto, unasogea.

Chambo cha mbuta ni fulu hai. Mzee humvua kwa ndoana ndogo na mnyoo, humweka ndani ya ndoo yenye maji anayoyabadilisha mara kwa mara, na zamu yake ikifika humvisha ndoana chini ya pezi la mgongo, kwenye nyama, bila kuugusa uti. Uti ukiguswa fulu anapooza, na mbuta hamtaki samaki asiyekimbia. Ukivisha juu mno, nyama inachanika kwenye mrusho wa kwanza. Nafasi iliyo sahihi ni ndogo kuliko punje ya mahindi, na anaipata bila kuangalia.

Miezi mizuri ya kazi hii ni ile inayofuata masika. Kuanzia Aprili 1 hadi Julai 31 serikali hufunga uvuvi wa omena ili wazaane, mashua za taa zinapandishwa mchangani, na maji ya kando yanatulia. Mvua zikikatika mwishoni mwa Mei, maji yaliyoingia ndani ya mafunjo huanza kurudi polepole yakibeba wadudu na vifaranga wa samaki, na kwenye kila mdomo wa kijito kuna anayewasubiri. Asubuhi upepo wa nchi kavu humsukuma mzee kwenda ziwani, alasiri upepo wa ziwa humrudisha. Juni na Julai anafanya kazi kwa furaha ambayo hata kwa kumtazama mgongo unaiona.

Lakini humohumo huja wiki ngumu. Kati ya Juni na Agosti pepo za kusini mashariki na usiku wa baridi huyavuruga maji ya ziwa. Yale ya chini, yaliyokosa oksijeni, huchanganyika na ya juu, na pengine samaki huonekana wakielea wamekufa. Mbuta anakuwa mzito, anagusa chambo na kukiacha. Hapo ndipo mvuvi wa kawaida hulaumu mwezi au jirani. Mzee hurudi ndani kwa kamongo, kwa sababu anayepumua hewa ya juu hana habari na maji ya chini. Naona hesabu hiyo ni nzuri sana.

Mbuta akinasa kwenye maji ya kiuno, mshipi haufungwi popote. Mzee hufanya jambo ambalo lilinishangaza: huchomoa upondo haraka na kuuacha mtumbwi uvutwe. Chombo chepesi kikiburutwa kinamchosha samaki bila kuukata uzi, na kazi ya mkono inabaki kuhisi tu, uzi ukipita kati ya vidole vilivyovikwa kipande cha mpira wa tairi ya baiskeli. Samaki akitikisa kichwa anaachia. Akigeuka anachukua. Hakuna nguvu inayotumika humo, na ndiyo maana mzee wa umri wake bado anaiweza.

Kwenye ubavu wa mtumbwi amechonga alama mbili kwa kisu, ya sentimita 50 na ya 85. Nchi za ziwa zilikubaliana mbuta aliye chini ya ile ya kwanza au juu ya ile ya pili arudishwe. Wadogo hawajazaa, na wakubwa ndio wazazi wenye mayai mengi. Wenye nyavu huilalamikia sheria hiyo kwa haki, maana samaki aliyelala wavuni usiku kucha, au aliyepandishwa kutoka kilindini, hata ukimrudisha amekwisha. Wa mzee amenaswa mdomoni kwenye maji mafupi. Humshika mkiani, humwelekeza kichwa penye mkondo, humsubiri hadi avute mwenyewe. Nimemwona akimrudisha mbuta ambaye pale mizani ya bichi angemlipia ada ya mjukuu, na hakusema lolote. Alichukua fulu mwingine kwenye ndoo.

Kule Murchison Falls, Uganda, kuna wageni wanaosafiri kutoka nchi za mbali kumtafuta mbuta kwa fimbo na uzi mwembamba, na anayewaongoza, anayewaambia watupe wapi na wakae kimya lini, anahesabiwa kuwa fundi na hulipwa hivyo. Ujuzi wa mzee wangu ni huohuo. Wanaokuja kuangalia ndege wa mafunjo, na wanafunzi wanaokuja kupima maji, humtafuta yeye awasukumie mtumbwi, kisha humlipa nauli ya abiria. Wanapata njia ambazo hazimo kwenye ramani, pamoja na kuvushwa salama kwenye mto ambao tangu mwaka 1926 mpaka wa nchi mbili unapita katikati yake. Malipo hayo naona ni madogo mno, na ningependa kamati ya bichi iweke bei ya uongozaji kando ya bei ya samaki, iandikwe ubaoni.

Samaki wake hawakai. Akina mama wa bichi huwachukua kwenye beseni, bodaboda huwafikisha Busia, na kamongo hukatwa vipande vinene vinavyouzwa kwa jicho kuliko kwa mizani. Vingine hufika Malaba, kwenye vibanda vya chakula karibu na foleni ya malori. Mto Malaba wenyewe hautiririki kuja huku. Maji yake huenda Uganda hadi Ziwa Kyoga. Dereva anayekula pale kipande cha kamongo wa Sio anakula samaki aliyekuja kwa barabara.

Septemba mjukuu wake huanza kukaa mbele ya mtumbwi siku za Jumamosi. Bado haruhusiwi kutupa. Kazi yake ni kuonyesha kwa kidole mahali kamongo alipopumua mara ya kwanza na ya pili, na mzee hutupa pale palipoonyeshwa, hata kama mtoto amekosea. Mvua za vuli zikianza watahamia juu kidogo mtoni, kwenye maji yanayokimbia, kumngojea ningu anayepanda kutaga. Kwa huyo wamekwisha kununua ndoana nyingine, za namba kubwa zaidi, na mtoto ndiye aliyezijaribu ncha kwenye ukucha.