Mshono wa Picha: Uhariri wa Filamu na Simulizi ya Kijito cha Ihithe

Aghalabu uhariri wa filamu huhesabiwa kuwa kazi ya fundi tu: kukata kipande kibovu, kubakiza kizuri na kuunganisha. Fikra hiyo ina upungufu. Filamu za kwanza za ndugu Lumière, mwaka 1895, kila moja ilikuwa picha moja isiyokatwa. Uhariri ulipata hadhi ya sanaa pale ilipogunduliwa kwamba picha mbili zikifuatana huzaa maana ya tatu, isiyokuwamo katika yoyote kati ya hizo mbili. Lev Kuleshov alilidhihirisha jambo hilo nchini Urusi baada ya Mapinduzi ya 1917: uso uleule wa mwigizaji ukifuatana na sahani ya supu ulionekana una njaa, ukifuatana na jeneza ulionekana una majonzi.

Katika makoloni ya Kiafrika ufundi huu uliandamana na dharau. William Sellers, kiongozi wa kitengo cha filamu za makoloni kilichoundwa London mwaka 1939, alishikilia kwamba mtazamaji wa Kiafrika huchanganyikiwa na mikato ya haraka. Basi picha ziende polepole, bila hila za ufundi. Nadharia hiyo haikuzingatia lugha za watazamaji wenyewe. Asemaye kwamba wapiganapo tembo nyasi huumia ameweka taswira mbili pamoja, akamwachia msikilizaji kuziunganisha. Huko Nyeri, mtoto anayeitikia «gwata ndai» wakati wa vitendawili amekwisha kuzoea kazi hiyohiyo.

Mfano ulio bora zaidi watoka Tetu. Wangari Maathai, aliyezaliwa Ihithe mwaka 1940, alihitimisha hotuba yake ya Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2004 kwa kisa cha kijito cha karibu na kwao. Mtoto anateka maji, anacheza katikati ya majani ya nduma, anajaribu kuokota mayai ya vyura akidhani ni shanga. Mara kijito kimekauka, na wanawake wanatembea mbali kutafuta maji. Baina ya taswira hizo mna zaidi ya miaka 50, na uchungu wote wa kisa umo katika pengo hilo. Simulizi imekwisha kuhaririwa kabla kamera haijafika.

Filamu ya Lisa Merton na Alan Dater, *Taking Root* (2008), ilirithi muundo huo. Sauti ya Maathai ndiyo uzi. Juu yake zimeshonwa picha za kale za enzi ya ukoloni, picha za mapambano ya kisiasa ya miaka ya 1980 na 1990, na picha za wanawake katika vitalu vya miche. Hapa ndipo uhariri unapopata nguvu ya hoja. Picha ya kale iliyopigwa ili kumsifu mtawala, ikiwekwa kando ya neno la aliyetawaliwa, hugeuka shahidi dhidi ya mpigaji wake. Hakuna kilichobadilishwa ndani ya picha. Kilichobadilika ni jirani yake.

Hata hivyo, nguvu hiyo ina hatari yake. Kazi ya Green Belt Movement ilianza mwaka 1977. Kuibana miongo mitatu katika muda wa dakika 80 hivi ni kukaribisha dhana kwamba mche huwa mti kwa mkato mmoja. Kinachookoa ni zile picha za vitaluni, ambamo mikono hufanya kazi bila pupa. Hatari nyingine ni ya lugha. Pale msemaji wa Kigikuyu anapokatwa kwa kufuata urefu wa tafsiri iliyo chini ya picha, wala si kwa kufuata pumzi yake, maana hubaki na usemi hupotea.

Kwa hiyo uhariri wa filamu wastahili kuchunguzwa na wanaisimu na wahakiki wa fasihi simulizi, si na mafundi peke yao. Ashikaye mkasi ndiye anayeamua ni wapi sentensi ya mwingine itakomea.