Nembo na Utawala katika Riwaya za George R. R. Martin

Wasomaji wengi wa riwaya za kifantasia huzichukulia nembo za majimbo kuwa pambo tu, yaani rangi na wanyama wa kumsaidia msomaji asipotee katika wingi wa wahusika. Makala hii inakusudia kuonyesha kwamba katika mfululizo wa George R. R. Martin, ulioanza na A Game of Thrones mwaka 1996, nembo zinahusu suala zito zaidi: nani ana haki ya kuiwakilisha nchi?

Kwanza, nembo hubashiri. Mapema katika riwaya hiyo, watu wa Kaskazini wanamkuta mbwa-mwitu jike amekufa, kipande cha pembe ya kulungu kimekwama kooni. Mbwa-mwitu ni nembo ya ukoo wa Stark. Kulungu mwenye taji ni nembo ya Mfalme Robert Baratheon. Muda si muda mfalme anawasili, na urafiki wake unamvuta Eddard Stark kwenda kusini, anakouawa.

Pili, nembo hudanganya. Mwanamfalme Joffrey huvaa vazi lililogawanywa katikati: upande mmoja kulungu wa baba, upande wa pili simba wa Lannister, ukoo wa mamaye. Jon Snow anaona hayo kuwa majivuno ya ukoo wa mama. Baadaye, hata hivyo, tunafahamu kwamba Joffrey si mwana wa Robert; kwa baba na kwa mama ni Lannister. Nusu inayolaumiwa ndiyo pekee iliyo ya kweli. Kwa kinaya hiki Martin anautilia shaka uhalali wa kiti cha enzi chenyewe.

Kinyume chake ni Davos Seaworth, mfanyamagendo aliyepenyeza vitunguu katika ngome iliyozingirwa. Stannis Baratheon anamtunukia cheo na papo hapo kumkata ncha za vidole kwa makosa yake ya awali. Davos anachagua kitunguu kuwa nembo yake. Mabwana wanamdhihaki, ilhali nembo hiyo inataja tendo halisi: kuwalisha wenye njaa.

Lakini Davos ni mmoja. Nembo zinazodhaniwa kuwa za majimbo ni za koo tawala. Mkulima hana yake. Katika A Feast for Crows (2005), kasisi Meribald anasimulia jinsi mwanakijiji anavyoifuata bendera ya bwana wake hadi anapojikuta akipigana kando ya wageni, chini ya bendera asiyoitambua vyema. Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Udhaifu wa Martin ni kwamba ukweli huu unabebwa na kasisi anayepita njia, huku wahusika ambao tunaiona hadithi kwa macho yao wakiwa karibu wote wa tabaka la mabwana.

Kwa hiyo, mhakiki asitosheke na kufasiri maana ya simba na waridi. Achunguze pia jasho la nani limezigharimia bendera hizo, na kwa nini mwenye jasho hakuchorwa.